"Kigezo" ni kitu gani hasa? Nimepigiwa mstari mwekundu

Binti Kizingo (mwenye uzi)

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Naomba msaada wa neno moja tu, lakini limeninyima usingizi tangu Jumanne.

Ninaandika ripoti ya masomo kuhusu bei ya samaki hapa Mombasa. Sentensi yangu ya kwanza kabisa ilisema hivi: "Vigezo vya kupanda kwa bei ya samaki ni upepo wa kusi, gharama ya mafuta ya boti, ukubwa wa samaki na hali ya samaki mwenyewe." Msimamizi wangu kalipiga neno *vigezo* mstari mwekundu, kando akatia alama ya kuuliza, basi. Nilipomfuata ofisini akanambia, "Nenda kafikiri."

Nimefikiri hadi nimechoka. Kamusi yanipa "kipimo", "mfano", "kielelezo", nami sitaki mfano wala kielelezo. Nataka neno moja la yale mambo yanayoamua bei iwe juu au chini. Sasa hilo silo kigezo? Mbona kila siku twasikia vigezo vya hiki, vigezo vya kile?

Kijana wa Feri

Vigezo na masharti kuzingatiwa.

Samahani, limenitoka lenyewe.

Fundi Cherehani

Wa aleikum salaam. Mimi si msomi, ni fundi wa kanzu, lakini neno hilo kwangu ni kitu cha kushika mkononi. Nina karatasi ngumu, nimeikata zamani kwa umbo la kola, nyingine kwa umbo la kwapa. Naiweka juu ya kitambaa, napitisha chaki, nakata. Hicho ndicho kigezo. Aliyenifundisha kazi aliniachia vigezo vyake vinne, na kimoja natumia mpaka leo ijapokuwa kingo zimeanza kulika.

Na mteja akija na kanzu yake kuukuu akasema "nikatie kama hii", sisemi nampima. Nageza. Ile kuukuu ndiyo naifuata. Futi shingoni ni kwa yule asiyekuja na kitu.

Kwa hivyo dada, ukiniambia mafuta ya boti ni kigezo cha bei, mimi natafuta hiyo karatasi siioni.

Mtafsiri

Fundi kashapiga msumari, mimi niongeze nyundo kidogo.

Kitenzi ni *kugeza*: kufuatisha, kuiga, kulinganisha kitu na kingine. Siku hizi mjini hakisikiki sana nje ya mafundi, lakini mtoto wake *kigezo* kakua kapata kazi ofisini. Sasa tazameni lilivyoundwa. Kupima, kipimo. Kufunika, kifuniko. Kuziba, kizibo. Kugeza, kigezo. Ile *-o* mwishoni mara nyingi yakupa chombo: kitu anachokishika mtu kufanyia kazi. Kizibo hakizibi chenyewe, lazima pawe na mkono.

Kwa upande wa pili kuna *kisababishi, kizuizi, kiongozi*. Hii *-i* yakupa mtendaji. Kizuizi kinazuia hata kama umelala.

Basi dada, swali la kujiuliza ni jepesi: nani kakiweka? Kigezo huwekwa. Kuna mtu, au watu, walioamua kwamba tutapimia hiki. Walimu wanaweka vigezo vya kusahihisha insha, mwajiri anaweka vigezo vya kuajiri. Upepo wa kusi hakuna aliyeuweka kuwa kipimo cha samaki. Unavuma tu, bahari inachafuka, mitumbwi midogo haitoki, samaki wanakuwa haba, bei inapanda. Hiyo ni sababu. Ukitaka neno la kitabuni, sema kisababishi.

Kijana wa Feri

Kusi hakuna aliyeuweka? Mungu je?

Mtafsiri

Astaghfirullah. Nazungumzia sarufi, ndugu yangu.

Mlumbi wa Majengo

Mtafsiri, hiyo kanuni yako ya *-o* inavuja. *Kichocheo* kinaishia kwa *-o* na kinachochea chenyewe. *Kikwazo* vilevile, hakisubiri mkono wa mtu, wewe ndiye unayekijia na kidole chako cha mguu. Ukimfundisha mwanafunzi hivyo, kesho atakuja na "uchumi ni kichocheo, kwa hivyo nani kakishika?"

Mtafsiri

Nakubali. Ni ya kukumbushia tu. Swali la "nani kakiweka" ndilo ninalolisimamia, hilo la *-o* chukueni mtakacho.

Mhariri Mstaafu

Nimekaa miaka mingi nikisahihisha nakala za watu, na naweza kuwaambia maradhi haya yalipoanzia: kwenye fungu la maneno "kwa kigezo cha". Mtu anaandika, "Amefutwa kazi kwa kigezo cha kuchelewa." Hapana. Amefutwa kazi *kwa sababu* ya kuchelewa, au *kwa kosa la* kuchelewa. "Walikataa kulipa kwa kigezo kuwa mzigo ulilowa." Hapo hata sababu si neno lake, *kisingizio* ndicho kinachokusudiwa, au *hoja* ukitaka kuwa mpole. Kigezo kimegeuzwa dawa ya kila ugonjwa kwa kuwa kinasikika cha kisomi.

Mahali pake pazuri ni hapa: "Kwa kigezo cha umri, huyu ni mtoto. Kwa kigezo cha majukumu, huyu ni mzee." Umeona? Mtu ni yule yule, umebadilisha kipimo tu, na jibu limebadilika. Mahali ambapo unaweza kubadilisha kipimo ukapata jibu jingine, ujue upo kwenye nyumba ya kigezo.

Mama wa Marikiti

Kwani mtu akisema "mambo yanayoamua bei" atafungwa? Maneno matatu, kila mtu kaelewa.

Binti Kizingo

Mama, nilijaribu. Msimamizi anataka "istilahi".

Mama wa Marikiti

Basi mwambie istilahi haikaangwi.

Maalim wa Kuze

Assalaam aleikum. Nimeusoma uzi huu baada ya Isha, nikacheka peke yangu, kwa sababu mtoto wa chuoni wa miaka kumi na miwili anazifahamu tofauti hizi, isipokuwa hajui kwamba anazifahamu.

Chuoni tunasomesha *sababu*, *sharti*, *nguzo* na *kizuizi*, kila kimoja na nyumba yake. Jua likipinduka, Adhuhuri imewajibika: kuingia kwa wakati ni sababu. Udhu ni sharti: uko nje ya Swala lakini bila ya huo Swala haisihi. Kurukuu ni nguzo: iko ndani ya Swala yenyewe. Na hedhi ni kizuizi. Mtoto akichanganya, akasema udhu ni nguzo ya Swala, anaambiwa arudie somo. Sasa sisi watu wazima tunaandika magazetini sharti na kigezo na sababu kana kwamba ni ndugu mapacha.

Mfano wa Zaka utamfaa binti yetu zaidi. Mtu ana dhahabu, je, anatoa Zaka? Tunapima *uzito* wake. Uzito ndio kigezo. Nisabu ya dhahabu, yaani kima cha chini kinachowajibisha Zaka, ni dinari 20, ambazo kwa mizani ya leo wanazuoni wengi wanazihesabu takriban gramu 85. Hizo gramu 85 si kigezo, ni *kiwango*. Na kule kukifikia kiwango hicho, na mali kukaa mwaka mzima wa Kiislamu, hayo ni *masharti*. Basi hapo una maneno matatu kwa jambo moja: unapimia nini, hadi wapi, na lipi lisipotimia hakuna hukumu.

Mlumbi wa Majengo

Maalim, hapo umenifungua macho, lakini watu wanasema "kutimiza vigezo" kila siku. Kwa maelezo yako uzito hautimizwi, kinachofikiwa ni kiwango.

Maalim wa Kuze

Wanasema, na sitawafuata barabarani na bakora. Mimi husema *kukidhi vigezo* na *kutimiza masharti*.

Mfuatiliaji

Chukueni na mfano wa siasa, mtaelewa upesi. Katiba ya Kenya ya 2010 inasema nani atakuwa rais? Aliyepata zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, tena apate angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Kaunti ni 47, kwa hivyo ni 24 kwenda juu. Kwa hesabu ya Maalim: vigezo ni viwili, wingi wa kura na kuenea kwa kura nchini. Viwango ni hiyo nusu na hiyo asilimia 25. Lakini kwa nini fulani alishinda? Miungano, ukoo, pesa, ahadi, mvua siku ya kura. Hizo ni sababu. Katiba haizitaji hata moja.

Na mkumbuke Seneti mwaka 2020, kikao baada ya kikao, wakibishania fomyula ya kugawia kaunti pesa. Ule ulikuwa ugomvi wa vigezo mtupu: idadi ya watu ipewe uzito gani, umaskini gani, ukubwa wa ardhi gani. Pesa ni zile zile. Ukiongeza uzito wa idadi ya watu, kaunti zenye watu wengi zinacheka. Ukiongeza ukubwa wa ardhi, wanaocheka ni wa kaunti pana zenye watu wachache. Hakuna aliyegombana kuhusu sababu za umaskini, hilo lingekuwa na maana zaidi, lakini hayo niyaache.

Kijana wa Feri

Sasa na mimi nina swali la kweli, si mzaha. Ile "vigezo na masharti kuzingatiwa" ya matangazo ya redioni, anayoisoma mtu kama anakimbizwa na mbwa. Ni Kiswahili sahihi? Kwa nini *kuzingatiwa* na si *vizingatiwe*?

Mhariri Mstaafu

Swali zuri kuliko unavyodhani. *Vigezo* viko ngeli ya KI-VI, *masharti* yako ngeli ya LI-YA. Ukisema "vizingatiwe" masharti yananung'unika. Ukisema "yazingatiwe" vigezo vinanung'unika, ijapokuwa wengi wetu tungekubali kufuata jina lililo karibu na kitenzi. Aliyeitunga alikimbilia *ku-*, akakwepa ugomvi wote. Ni ujanja wa mwandishi aliyekuwa na haraka, nami namvulia kofia. Kama sentensi kamili haisimami, kama kichwa cha tangazo inapita.

Ila hapo *vigezo* hakuna. Soma yale maandishi madogo: tarehe ya mwisho, umri, eneo, nani haruhusiwi. Yote ni masharti. Vigezo vimewekwa kwa ajili ya mdundo.

Mpenda Tungo

Mnazungumzia vigezo katika mji wa Mvita, na hamjataja kigezo kilichotuuma kuliko vyote! Mwaka 1928, mkutano ulifanyika hapa hapa Mombasa, wakakaa kuamua lahaja gani iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Wamisionari wa CMS (Church Missionary Society) waliokuwa huku wanavutia Kimvita, lahaja ya Mombasa, wale wa UMCA (Universities' Mission to Central Africa) wa Unguja wanavutia Kiunguja. Kikachaguliwa Kiunguja. Kwetu, kwenye mji wa mshairi Muyaka bin Haji, tukaambiwa lugha yetu ni "lahaja".

Laiti kigezo kingekuwa ushairi, leo vitabu vya shule vingeandikwa *ndia* na *ndoo* na *mato* badala ya *njia* na *njoo* na *macho*, na mtoto wa Nairobi ndiye angekuwa anapigiwa mstari mwekundu.

Mtafsiri

Pole yako naipokea, na mfano wako ni bora kuliko yangu yote. Kigezo kilichoshinda kilikuwa *kuenea*: lahaja ipi inaeleweka na watu wengi zaidi hadi bara. Lakini kwa nini Kiunguja kilikuwa kimeenea? Kwa sababu misafara ya biashara ya karne ya 19 iliyotoka pwani iliyo mkabala na Unguja iliingia nacho hadi maziwa makuu. Misafara si kigezo, hakuna kamati iliyopima misafara. Misafara ni sababu ya kuenea, na kuenea ndiko kukawa kigezo cha kamati. Sababu ilipita kwanza, kigezo kikaja baadaye na karatasi yake kama ya Fundi.

Mpenda Tungo

Maelezo mazuri. Bado inauma.

Bi Mchuuzi

Haya, mmesema sana na samaki mmemsahau. Mie ndiye ninayemuuza, mwanitaja bila kuniuliza.

Mwanangu wa Kizingo, nisikilize. Mie alfajiri nikifika kwenye mnada natazama jicho kwanza. Jicho likiwa limeng'ara limetuna, mzima. Likiwa limezama lina ukungu, huyo wa jana. Kisha nafungua shavu, nataka wekundu. Kisha nabonyeza kwa kidole, nyama irudi. Halafu ndiyo naja kwenye aina, nguru si sawa na tafi, na changu ana watu wake. Mwisho ukubwa. Hivyo ndivyo navyoamua nitoe kiasi gani. Kama hivyo ndivyo vigezo, basi mie navyo tangu nikiwa msichana, sikujua vina jina.

Upepo siutazami. Kusi ikishika, tangu kama mwezi wa nne hivi kuendelea, samaki ni wachache na bei iko juu, nalijua hilo, lakini nikiwa pale mnadani sitazami mbinguni, namtazama samaki. Upepo umeshafanya kazi yake huko baharini kabla samaki hajafika mezani.

Binti Kizingo

Bi Mchuuzi, Mungu akuweke. Hiyo sentensi ya mwisho naiomba niitie kwenye ripoti.

Kwa hivyo nimechanganya makapu mawili. Kusi na mafuta ya boti ni sababu za bei kupanda. Ukubwa, aina na hali ya samaki ni vigezo anavyopimia mnunuzi. Nimeelewa sawa?

Fundi Cherehani

Sawa kabisa. Kanzu imekaa.

Mlumbi wa Majengo

Haijakaa. Ukubwa pia unasababisha bei. Samaki mkubwa, bei kubwa. Utauweka kapu gani?

Mhariri Mstaafu

Ukubwa haumsababishi mtu kutoa pesa kama moto unavyochoma. Unapita kwenye uamuzi wake kwanza. Wateja wote wa mji huu wakiamka kesho wakapenda vidogo vya kukaanga, ukubwa ule ule utashusha bei. Kusi haimwulizi mtu anapenda nini.

Bi Mchuuzi

Subirini, nimekumbuka jambo nami naona litawaharibia.

Mie hukopesha. Nina mama ntilie watatu, wachukua samaki asubuhi walipa jioni. Kaskazi, tangu mwezi wa kumi na mbili hadi wa tatu, bahari imetulia na samaki tele, nakopesha hata mgeni. Kusi ikiingia sikopeshi ela hao watatu, kwa kuwa samaki akikosekana siku mbili mtu hana cha kukaanga wala cha kunilipa. Sasa hapo, nikiamua nikopeshe au nisikopeshe, naangalia nini? Naangalia upepo.

Mtafsiri

Hapo umeniweka kona.

Na umejibu swali la "nani kakiweka" vizuri kuliko nilivyoliuliza. Kwa bei, upepo ni sababu, hakuna aliyeuchagua. Kwa mkopo, upepo ni kigezo, na aliyeuweka ni wewe. Upepo ni ule ule. Kumbe neno haliko kwenye kitu chenyewe, liko kwenye matumizi yake.

Maalim wa Kuze

Naam. Kama jua. Kwa joto la mchana jua ni sababu. Kwa muadhini anayetazama kivuli ni kipimo.

Kijana wa Feri

Na kwa abiria wa feri saa saba mchana ni adhabu.

Mlumbi wa Majengo

Hapa nanyamaza. Ila bado dada hajapata istilahi ya kufunika makapu yote mawili kwa pamoja, na hiyo ndiyo aliyoitiwa. Nimeona vitabuni *viamuzi*. Nimeona *viathiri*. Kuna wanaosema *vichangizi*.

Mhariri Mstaafu

*Kiamuzi* kimeundwa vizuri, amua, mwamuzi, kiamuzi, lakini upana wake ni mdogo kuliko watu wanavyodhani: kinafaa pale jambo hilo likibadilika matokeo yanageuka kweli. Kama mafuta ya boti yanasukuma bei kidogo tu, usiyaite kiamuzi, yaite kichangizi. *Viathiri* nimeona wanaisimu wakitumia, si kosa, ila mdomoni ni kigumu. Kwa kichwa cha ripoti ningekubaliana na Mama wa Marikiti: "Mambo Yanayoamua Bei ya Samaki Mombasa". Istilahi ziingie ndani, kila moja na kazi yake.

Mama wa Marikiti

Ahsante. Nilisema tangu mwanzo mkanipita.

Binti Kizingo

Nimeandika upya, nisahihishieni kabla sijaipeleka kesho:

"Bei ya samaki Mombasa huamuliwa na mambo ya aina mbili. Kwanza kuna sababu zinazopunguza au kuongeza samaki wanaofika mnadani, hasa upepo wa kusi, na gharama ya mafuta ya boti. Pili kuna vigezo anavyotumia mnunuzi kumpima samaki aliye mbele yake: hali, aina, na ukubwa. Jambo moja laweza kuwa katika makundi yote mawili kulingana na anayelitumia. Mchuuzi mmoja aliniambia kwamba upepo, ambao ni sababu ya bei, kwake yeye ni kigezo cha kukopesha."

Maalim wa Kuze

Zuri. Badala ya "kulingana na anayelitumia", andika "kwa kutegemea linavyotumiwa". Mtu ni yule yule Bi Mchuuzi, yeye hakubadilika.

Bi Mchuuzi

Na usiandike nakopesha. Watakuja wote.

Binti Kizingo

Nitaandika "mchuuzi mmoja" tu, shangazi. Nguru wa kesho ni bei gani?

Bi Mchuuzi

Njoo nimwone jicho kwanza.